Kabla Fundi Hajafungua Injini ya Gari Yako, Weka Bei Yako Kwanza

Ukitaka kujua uchumi wa Mombasa uko aje, wachana na hotuba za wanasiasa. Fika Kongowea saa kumi alfajiri, simama pale malori yanashusha viazi, kabeji na machungwa ya Tanga, alafu angalia moshi. Proboxi zimejipanga, buti wazi, magunia yanaingia mpaka kwa siti ya nyuma. Zikiwashwa, hapo ndio utaona. Moja inatoa moshi wa bluu, nyingine mweupe, nyingine inakohoa mara tatu ndio ishike. Na hakuna mwenye anashtuka. Wote wanajua hiyo dinga itarudi kesho, kesho kutwa na mwezi ujao, juu hakuna ganji ya kununua nyingine.

Moja ya hizo Proboxi ni ya braza yangu. Ni ya 2005, namba yake inaanza na KB, na ndio inalisha nyumba yetu. Anabeba mboga Kongowea anasambaza Bombolulu, Utange mpaka Mtwapa. Mwaka jana ilianza kula oili. Kwanza lita moja kwa mwezi, alafu lita moja kwa wiki. Akaipeleka kwa fundi, fundi akafungua injini, na kuanzia hapo maisha yetu yote yakawa ni hiyo injini.

Hii stori si ya braza peke yake. Kama uko na gari ya zamani, ama mzee wako anayo, ama unapanga kununua ya mkono wa tatu ili uanze hasla, swali hili litakufikia siku moja: niweke pesa ngapi kwa hii injini, na ni wapi niseme imetosha? Wengi wetu tunalijibu vibaya. Si eti hatujui hesabu, ni vile tunaanza kuhesabu tukiwa tumechelewa.

Kwa nini kila mtu anarepea siku hizi

Kwanza tuelewane kuhusu mambo makubwa, juu bei ya fundi wako inaanzia mbali sana na gereji.

Kenya hairuhusu gari iliyotumika iingie nchini ikiwa imepita miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo aliyeagiza gari 2025 alitakiwa achukue ya 2018 kuja juu. Ukiagiza 2026, ni ya 2019 kuja juu. Kila Januari mlango unasonga mbele mwaka mmoja. Majirani wana mambo yao. Uganda, kwa mfano, tangu 2018 inazuia gari ya zaidi ya miaka 15. Sisi tuko strikti karibu mara mbili yao.

Ukishapata hiyo gari ya 2019, karibu kwa KRA. Ushuru wa forodha ni 35%. Ulikuwa 25% mpaka katikati ya 2023. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, 20% kwa gari ndogo isiyozidi sisi 1500. Juu ya hiyo yote kuna VAT ya 16%. Alafu kuna ada ya kuagiza 2.5% na ada ya reli 2%. Hebu tupige hesabu pamoja. Chukua thamani ya 100 bob. Weka 35%, inakuwa 135. Weka 20% juu ya hiyo 135, inakuwa 162. Weka 16%, unafika karibu 188. Ongeza zile ada mbili ndogo, 4.50 kwa ile 100 ya kwanza. Jumla ni kama 192. Yaani kwa kila 100 bob ya thamani ya gari, kama 92 zinaenda kwa serikali.

Na hiyo thamani si ile uliyolipa Japani. KRA wana orodha yao inaitwa CRSP, bei ya hiyo gari ikiwa mpya hapa Kenya. Wanaichukua, wanatoa ushuru, wanapunguza kulingana na umri wa gari, na hapo ndio wanapata thamani ya kukutoza. Orodha mpya ilitangazwa ianze kutumika 1 Julai 2025, na kila aliyekuwa na gari njiani akaanza kutafuta jina la gari yake kwa simu akitetemeka. Kumbuka pia Januari 2024 dola moja ilikuwa imepanda hadi kama shilingi 160. Baadaye ilishuka ikatulia karibu 129, lakini bei ya gari yadi haikushuka kwa kasi ile ile. Wewe ushawahi kuona kitu kikipanda Kenya kikashuka haraka?

Matokeo yake? Proboxi ya kuagiza leo inapita milioni. Braza yangu milioni ataitoa wapi?

Sasa hapa ndio kuna kichekesho. Sheria ya miaka 8 iliwekwa ili barabara zetu zisijae magari mazee yenye moshi. Lakini ukifanya gari changa iwe ghali hivyo, mwenye gari mzee hamuachi mzee wake. Anamtibu. Anamtibu tena. Cuba wanalijua hili vizuri: walipofungiwa biashara na Marekani miaka ya 1960, magari ya Marekani ya miaka ya 1950 yakabaki barabarani mpaka leo, mengine yakiwa yamepandikizwa injini za kutoka kwingine kabisa. Havana watalii wanayapiga picha. Kongowea hakuna mtalii anakuja kupiga Proboxi picha, lakini hesabu ni ile ile.

Ongeza na hii: Julai 2023 VAT ya mafuta ilitoka 8% ikaenda 16%. Kila tarehe 14 EPRA wakitoa bei mpya, injini iliyochoka inakuumiza zaidi ya jirani yako, juu inakunywa zaidi kwa safari ile ile. Na 2024 walikuwa wanataka tulipe 2.5% ya thamani ya gari kila mwaka, isipungue 5,000 hata kama gari yako ni mkebe. Unajua ilivyoisha. Juni ile kipengele kilitolewa, alafu Mswada wote ukaondolewa. Hapo vijana tulijitetea. Lakini kwa injini yako hakuna maandamano. Ni wewe na fundi tu.

Moshi unaongea, usikilize

Kosa la kwanza la braza lilikuwa kuruhusu injini ifunguliwe kabla ya kupimwa. Fundi aliskia "inakula oili", akasema "shekhe, hiyo ni valvu sili, niachie". Elfu 9. Wiki mbili baadaye moshi bado. Akasema basi ni gasketi ya hedi, ikatolewa, hedi ikapelekwa kusagwa iwe sawa. Elfu 14 na mia 5. Mwezi haujaisha moshi umerudi. Sasa ikawa ni ringi za pistoni. Elfu 22 na mia 5. Jumla ni 46,000, na gari ilikuwa inakula oili kama zamani.

Fundi alikuwa mwizi? Mimi sidhani. Alikuwa anabahatisha kwa pesa zetu, na sisi tulimruhusu.

Kwa hivyo jua haya kabla hujaenda gereji. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua. Ukitoka asubuhi tu ukiwasha, alafu unapotea, mara nyingi ni valvu sili, na hiyo si bei ya kukuua. Ukitoka ukikanyaga mafuta ama ukipanda mlima na mzigo, hapo shuku ringi na silinda zenyewe. Moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto, na maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja chini, maana yake maji yanaingia ndani ya injini. Chomoa kile kijiti cha kupimia oili. Kama oili inafanana na chai ya maziwa, usiendeshe hata mita moja. Moshi mweusi ni mafuta mengi kupita kiasi. Huo usikutishe, unaweza kuwa ni plagi, kichujio cha hewa ama sensa.

Alafu kuna kipimo cha kompresheni. Kinafanywa plagi zikiwa zimetolewa, bila kufungua injini. Silinda zote 4 zinatakiwa zikaribiane. Ikiwa moja iko chini, wanatia oili kidogo ndani wanapima tena. Ikipanda, shida ni ringi ama silinda. Isipopanda, angalia valvu ama gasketi. Basi. Kazi ya chini ya saa mbili, na inakupa jibu ambalo sisi tulilitafuta kwa 46,000.

Braza alipokuja kupima hatimaye, kwa fundi mwingine, silinda mbili zilikuwa zimelika. Ringi mpya haiwezi kushika kwa silinda iliyolika. Ni kama kuweka kifuniko kipya kwa sufuria iliyobonyea. Hiyo 22,500 ilikuwa imeenda hata kabla ringi hazijatoka dukani.

Na sababu ya yote? Maji. Mombasa tunaishi na maji ya kisima ya chumvi, na wengi wetu tunayatia kwa rejeta juu koolanti "ni ya matajiri". Chumvi inakula rejeta, inakula hedi ya alumini, njia za maji zinaziba, na injini inachemka kwa foleni ya Nyali Bridge na joto lile unalolijua. Ikichemka mara mbili tatu, hedi inapinda na ringi zinapoteza nguvu. Kibuyu kimoja cha koolanti ni rahisi kuliko gasketi yoyote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ukuta unajengwa kwa mkopo.

Jambo lingine la hapa kwetu: mvua za Mei ama za Novemba zikifurika, usilazimishe gari kupita dimbwi usilojua kina chake. Injini ikivuta maji kwa njia ya hewa, mkono wa pistoni unapinda palepale. Na bima ya thadi pati haikulipi hata shilingi kwa injini yako.

Njia ziko nne

Ukishajua ugonjwa, njia ni nne tu.

Ya kwanza ni kutibu kidogo: sili, gasketi, pampu ya maji, thamostati. Inafaa kama kompresheni bado iko sawa.

Ya pili ni oveholi kamili. Injini inatolewa, silinda zinachongwa upya, pistoni na ringi na beringi mpya. Ikifanywa vizuri unapata injini ya miaka mingi. Ikifanywa nusu, unapata kile tulichopata sisi. Na inachukua muda, kwa sababu kuna kupeleka bloku kwa mashine, kungoja spea, kungoja fundi amalize kazi ya mwingine.

Ya tatu ni kuweka injini nyingine, zile zinaitwa eks-Japani, zinazoshuka bandarini zikiwa zimetolewa kwa magari ya huko. Injini ya Proboxi nyingi za petroli, 1NZ, imetumika kwa Toyota nyingi sana, kwa hivyo kuipata si kazi. Lakini hujui ilitembea kilomita ngapi. Unanunua historia ya mtu usiyemjua.

Ya nne ni kuuza gari ilivyo. Watu wanaiona kama aibu. Si aibu. Wakati mwingine ndio njia pekee yenye akili.

Sasa hesabu yenyewe

Hapa ndio nataka unisikilize vizuri. Zile 46,000 zilizoenda, zifute. Maji yakimwagika hayazoleki. Ukisikia kichwa chako kinasema "lakini nimeshaweka pesa nyingi, siwezi kuacha sasa", jua hiyo ndiyo sauti inafilisisha watu. Gari haikumbuki ulilipa nini mwezi jana. Swali ni kuanzia leo kwenda mbele.

Tulikaa na braza kwa baraza, simu mkononi, tukaandika hivi.

Gari ikiwa nzima, madalali wawili walisema 380,000. Ikiwa na moshi wake, 230,000. Tofauti ni 150,000. Huo ni mpaka wa kwanza. Ukitengeneza kwa zaidi ya hiyo tofauti, kama unapanga kuuza, umemfanyia kazi mnunuzi.

Mpaka wa pili ni kile gari inaleta. Braza akitoa mafuta na gharama za njia anabaki na kama 1,500 kwa siku. Siku 25 kwa mwezi, ni 37,500. Nyumba inakula 25,000. Inabaki 12,500. Nikamuuliza: una uhakika hii gari itatembea miezi mingapi, ukiangalia bodi, giaboksi na chini? Watu hupenda kusema "hata miaka 5!" Mimi nikamwambia aseme ile miezi angeiapia mbele ya mathe. Akasema 12. Mara 12,500, ni 150,000. Tukatoa 30,000 za shoki na tairi ambazo tulijua zinakuja. Ikabaki 120,000.

Kati ya mipaka miwili, chukua ule wa chini. Bei yetu ya mwisho ikawa 120,000. Tukaiandika kabla ya kuongea na fundi yeyote, na tukakubaliana haitamwagwa hata fundi awe mtamu wa maneno vipi.

Alafu tukaongeza kitu watu wengi husahau: siku za gereji. Gari ikilala gereji, ile 1,500 haiingii, na wateja wanatafuta Proboxi nyingine. Hiyo ni sehemu ya bili hata kama fundi hajaiandika.

Oveholi iliambiwa 90,000, wiki tatu. Siku 18 za kazi mara 1,500 ni 27,000. Jumla ya kweli, 117,000. Imegusa mpaka, na wiki tatu za fundi unazijua zinavyokuwa wiki tano.

Injini ya eks-Japani: 78,000 injini, 12,000 kazi, 11,000 oili, koolanti, plagi na maunti. Ni 101,000. Siku 3, yaani 4,500. Jumla 105,500.

Umeona? Kwa karatasi ya fundi, oveholi ndio ilikuwa rahisi, 90 dhidi ya 101. Ukiweka siku, mambo yanageuka. Kama gari yako ni ya kwenda kazini tu na si ya kubeba mzigo, hesabu ya siku itakuwa nauli ya matatu na tuktuk, na huenda oveholi ikakushindia. Ndiyo maana usikopi jibu la braza. Kopi maswali.

Pesa ya nani?

Sasa tufike pale panauma. Braza alikuwa na 110,000. Lakini 60,000 kati ya hizo hazikuwa za gari. Zilikuwa fee ya dadangu, anaingia kolegi Septemba. Na braza alikuwa ameshaamua kichwani: "Nachukua zote, gari ikipona narudisha kabla shule ifungue."

Nikamwambia hapana. Na sikumwambia kwa sababu ya hesabu.

Mimi niliacha kolegi mwaka wa pili. Watu wakiniuliza nasema nilipata kazi ya kuandika, na si uongo. Ila kazi ilikuja baadaye. Kilichokuja kwanza ni Nissan ya mzee kuvunjika giaboksi, na fee ya semista yangu kuingia hapo. Mzee alisema maneno yale yale: gari ikipona, narudisha. Gari ilipona wiki sita. Alafu injini ikafuata giaboksi, na miezi minne baadaye tuliiuza kwa wanaonunua vyuma. Mzee hakuwa mbaya. Alikuwa anajaribu kuokoa kitu kilichotulisha. Lakini hakuwahi kukaa chini akasema "nikifika hapa, nasimama". Aliweka elfu tano, alafu elfu kumi, alafu nyingine, na kila mara ile ya mwisho ilionekana ndogo kuliko zile zilizotangulia.

Kwa hivyo ukiweka bei yako, weka na pesa itatoka wapi. Fee, kodi ya nyumba, dawa za mtu: hizo hazihesabiwi hata kama ziko kwa akaunti moja na za gari. Na mikopo ya simu pia iache. Mara nyingi inataka irudi haraka, na gari inaweza kuwa bado iko juu ya mawe. Ukikopea injini kwa apu, utarudisha kwa Fuliza, na Fuliza utarudisha na nini?

Braza alitoa 50,000 zake, akakopa 51,000 kwa chama chao cha sokoni, riba 10%. Jumla ya kurudisha 56,100. Kwa 12,500 kwa mwezi, ni miezi mitano. Ile 60,000 ikabaki kwa mathe, mbali na mikono yetu wote.

Ukiamua kuweka injini nyingine

Usilipe kabla ya haya.

Taka karatasi. Stakabadhi ya duka na hati ya kuingizwa nchini, zikiwa na nambari ya injini inayolingana na ile imechongwa kwa chuma. Kama muuzaji anasema "karatasi nitakutumia", ondoka. Inaweza kuwa injini ya gari ya mtu aliyelala akaamka hana gari.

NTSA lazima wajue. Unaomba mabadiliko ya maelezo ya gari kupitia eCitizen, gari inakaguliwa, na logbuku inabeba nambari mpya ya injini. Ukiiruka hii, siku ya kuuza ama siku ya ajali ndio utajua hujui.

Ipimwe kompresheni kabla ya kufungwa kwa gari. Angalia chini ya kifuniko cha oili: kama kuna tope jeusi, mwenyewe wa kwanza hakuwa anabadilisha oili. 1NZ inatumia cheni, si mkanda, na cheni inaishi kwa oili safi.

Garantii iandikwe. Siku ngapi, inahusu nini, nani analipa kazi ikibidi itolewe tena. Neno la mdomo la "usijali bosi" halirudishi injini.

Na popote unapotengeneza, taka spea zako za zamani zirudi mkononi mwako. Umelipia ringi? Nionyeshe zile zilizotoka. Fundi mzuri hawezi kukasirika.

Na lini useme kwaheri?

Kama chasi imeshaliwa na kutu, na hii hewa ya bahari haina huruma, usiweke injini mpya kwa nyumba inayoanguka. Kama giaboksi nayo inateleza, hesabu magonjwa mawili pamoja, usihesabu moja ukajifanya hujui la pili. Kama gari haikuingizii chochote na matengenezo yanapita nusu ya bei yake ikiwa nzima, uza. Muambie mnunuzi ukweli kuhusu injini, chukua bei ya ukweli, endelea na maisha.

Lakini kama bodi ni nzima, kazi iko, na bei iko chini ya mpaka wako, tengeneza bila kujilaumu. Kununua nyingine ya 230,000 ni kubadilisha ugonjwa unaoujua na ugonjwa wa mtu mwingine.

Ile ya braza ilichukua siku tano badala ya tatu, maunti moja haikukaa. Siku mbili zaidi, 3,000. Ikafika 108,500, bado chini ya 120,000. Sasa ni mwezi wa saba inatembea. Haina moshi. Shoki za mbele zimeanza kelele, kama tulivyotarajia, na ile 30,000 ndio kazi yake. Deni la chama limeisha. Dadangu ako kolegi, na juzi ameniomba nimsaidie na asainmenti, mimi niliyeacha. Nimemsaidia.

Sasa wewe. Gari yako inaleta ngapi kwa mwezi, na bei yako ya mwisho ni ngapi? Kama huna jibu, usimpigie fundi leo. Chukua kalamu kwanza.